Jina la Kumpa Mtoto Njia

Uchungu ulimshika Mwanasha bondeni, mtungi wa maji ya boma la Wajerumani ukiwa kichwani na mimba haijatimia. Wenzake walimkokota mlimani, pamoja na mtungi wake, hadi kwake Newala. Sasa aliketi mkekani, mgongo ameuegemeza kifuani mwa jirani yake Pili, mjane ambaye mumewe, Halfani, Wajerumani walimnyonga baada ya vita vya Maji Maji. Utepe wa kaniki wa msiba ungali kichwani mwa Pili.

Mtoto hakutoka. Bibi Sikudhani, mkunga, alijifuta mikono akasema lisemwalo na wakunga wote wa huko: njia imezibwa na jina la mwanamume wa nje ambaye mama hajamtaja.

"Litaje, mwanangu. Ukinyamaza mtakwenda wote wawili. Mimi nilitaja, na aibu haikuniua."

Swalehe, mume wa Mwanasha, alikuwa nje, ameegemea ukuta, akisikia yote.

Wakati wa vita, Swalehe alipochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, Mwanasha alilazimishwa kuteka maji ya boma, na askari mmoja akamwingilia kwa nguvu njiani. Mimba ile aliitoa kwa kijiti cha muhogo kabla mumewe hajarudi. Homa ilimlaza, ikapita. Tangu hapo kila mimba ilimponyoka kabla ya wakati. Swalehe alizika, akarudi kumfariji, na faraja ile ilimchoma kuliko uchungu.

Askari yule alikuwapo bado bomani. Akitajwa, Swalehe atashika panga; na kamba iliyomnyonga Halfani haikuwa imetupwa.

Mwanasha alitafuta mwanamume ambaye hakuna awezaye kumdhuru tena.

"Halfani," alisema.

Kifua nyuma yake kikaacha kupumua. Hata hivyo, mikono ya Pili haikumwachia, hadi mtoto alipotoka, mdogo, wa kijivu, kimya.

Bibi Sikudhani alimsugua mgongo, akampulizia, akamlaza chini. Kisha akauliza taratibu kama yamebaki majina mengine.

Nje ilisikika sauti ikidai maji ya boma. Mwanasha aliijua sauti ile tangu siku ile njiani. Alimsikia Swalehe akiijibu kwa adabu, "Yanakuja, bwana."

Pili alisimama. Aliufungua utepe wa msiba, akauangusha juu ya mtoto. "Mzikeni nao. Mimi sina tena wa kumlilia."

Akautwaa mtungi wa Mwanasha, akatoka.

Mwanasha alifumbua kinywa amwite, amwambie kweli. Ukutani, kwa nje, Swalehe alikohoa. Mwanasha akakifumba kinywa, akasikiliza nyayo za Pili zikishika njia ya bondeni, na buti zikifuata nyuma yake.