Mafuta ya Pon ya Mbele

Ndaya Tshimpaka alikuwa amelala chali juu ya katoni, chini ya gari jekundu la mbio, akipapasa kutafuta nati ya kumwagia mafuta ya pon ya mbele, ile difu inayozungusha magurudumu. Hapo nati ziko mbili, tena jirani. Ukikosea unamwaga mafuta ya gia, na yale machafu ya pon unayaacha ndani yaendelee kusaga meno. Nati ya pon ina tundu la nyota. Mumewe Blaise ndiye aliyemfundisha hivyo, wakati bado wanacheka pamoja chini ya magari ya watu.

Gari lenyewe lilivuta kwa magurudumu yote manne, na lilitengenezwa kwa ajili ya lami ambayo Alunguli, ng'ambo ya mto wa Kindu, haijawahi kuiona. Liliingia Kindu kwa treni kabla ya vita, likiwa mali ya injinia mmoja. Vita ilipokaribia, injinia alipanda ndege, akamwachia Blaise funguo. Treni ikaacha kuja. Kisha wakaja askari kulichukua gari, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyeweza kuliendesha, wakamchukua na Blaise. Aliondoka na shati lake la kazi. Alimwomba Ndaya amwekee sombe ya majani ya muhogo, asiimalize.

Kilichorudi ni gari, likiendeshwa na kamanda aliyeitwa Florentin. Kila Ndaya alipokwenda kumwuliza, Florentin alimjibu kwa upole kwamba dereva alishuka Lokandu.

Amani ilipokuja Florentin alivua sare, akawa Mheshimiwa. Gari lilibaki lake. Ndaya alibakiwa na vyombo vya ufundi vya Blaise, akaishi kwa kazi ya vyombo hivyo. Kle ya nyota, spana pekee ya nati ile, ilikuwamo, na ndiyo maana pon ile haikuwahi kufunguliwa tangu siku Blaise alipoifunga kwa mkono wake. Sasa ilikuwa ikilia kila kona. Florentin, aliyekuwa na safari ya Punia, alilileta gari asubuhi yeye mwenyewe, akauliza habari za nyumbani, akasema atalifuata mchana.

Nati ilikataa, kisha ikakubali. Mafuta yalitoka meusi, yananuka yai bovu kama mafuta yote ya pon yaliyochakaa. Yakaisha, yakafuatia maji ya tope na majani ya msituni yaliyooza. Kisha kikatoka kiwiko. Ndaya akasogeza beseni kumpa nafasi. Blaise alitoka polepole, mwembamba kama uzi wa mafuta, akawa ananenepa kadiri alivyogusa ardhi, hadi akawa mwanaume mzima aliyeketi sakafuni na shati lake la kazi. Ndaya alifuta unga wa chuma ulionata kwenye sumaku ya nati, akaifunga na kuikaza, maana nati iliyolegea husahaulika. Ndipo akatoka chini ya gari, akamletea maji.

"Asanti, mama," Blaise alisema, akanywa yote. "Ndaya iko wapi?"

Umri wake ulikuwa uleule aliochukuliwa nao. Nywele za Ndaya zilikuwa zimeota mvi hadi kwenye nyusi.

"Njo miye," Ndaya alisema.

Blaise alicheka kwa heshima, kama mtu anayetaniwa na mkwe wake. "Munafanana naye sana. Muko mama yake mukubwa wa kule kwao Kasai?"

Ndaya hakubishana na mtu mwenye njaa. Alimpikia bukari, ugali wa unga wa muhogo, na samaki, na Blaise alipokuwa akila akaeleza yaliyompata, bila kupandisha sauti.

"Gari ilikwama mu kijito, mbele ya Lokandu. Shefu Florentin akasema njo miye nimeikwamisha kusudi. Akanipiga risasi. Kisha wakatafuta miti ya kuweka chini ya magurudumu, wakakosa."

"Wakakuweka weye."

"Wakaniweka miye. Gurudumu ya mbele ikashika, gari ikatoka. Nikazunguka nayo, nikaingia mu pon." Alitoa mwiba mdomoni. "Samaki hii ni muzuri, mama."

Ndaya alinawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Miaka yote hiyo alikuwa amemchukia mwanamke mmoja wa Lokandu. Hakuwahi kumwona, lakini alikuwa amempa sura, na sauti, na watoto wa Blaise. Sasa mwanamke huyo hakuwapo tena, na nafasi yake moyoni haikuwa na mtu.

Alimimina mafuta mapya, akapima, akafunga. Mchana Florentin alifika. Blaise akasimama, kama madereva wanavyosimama.

"Blaise. Uko hapa."

"Niko, shefu."

"Uliniambia alishuka Lokandu," Ndaya alisema.

"Alishuka kweli, mama." Florentin alikuwa akiinama kukagua magurudumu. "Sikukwambia alishuka namna gani."

Akashukuru kwa kazi, akaondoka. Kwenye kona ya kwanza pon haikutoa hata mlio.

Kesho yake Ndaya alivuka mto kwa mtumbwi pamoja na Blaise, wakaenda kwenye ofisi ya mashtaka. Njiani watu walimsalimia Blaise, wakamwambia amekonda. Aliyewapokea alikuwa bwana kijana mwenye adabu. Alimsikiliza Ndaya mpaka mwisho.

"Aliyeuawa ni nani?"

"Njo huyu."

Bwana alimwuliza Blaise jina, Blaise akalitaja. Akamwuliza kama ni kweli alipigwa risasi, Blaise akafungua shati, akamwonyesha. Bwana akaangalia vizuri, akamwomba afunge vifungo asipigwe na baridi.

"Mama, kesi ya mauaji inataka maiti. Huyu anapumua."

"Na kabla ya jana?"

"Kabla ya jana mungekuja bila maiti." Alisimama kuwafungulia mlango. "Pole sana, mama. Pole, papa."

Wakati wa kurudi mtumbwi ulijaa. Blaise alimpisha Ndaya mahali pakavu, akamshika kiwiko asiteleze, kama anavyoshikwa mzee yeyote. Ndaya alimwambia tena yeye ni nani. Alimtajia jina la kanisa walilofungia ndoa, na wimbo ulioimbwa, na kovu lililo gotini mwake Blaise. Blaise alisikiliza kwa makini, akasema ni vizuri Ndaya alivyowasimulia wakubwa wake kila kitu.

Jioni Ndaya alimtandikia kitanda chumbani. Blaise akasimama mlangoni, haingii.

"Munisamehe, mama. Miye ni muntu ya ndoa. Siwezi kulala mu nyumba ya mwanamuke na bibi yangu hayiko."

Akachukua mkeka, akautandika karakanani, mahali gari lilipokuwa limesimama. Ndaya alimpelekea blanketi. Blaise alilipokea kwa mikono miwili.

"Ndaya akifika, muniamushe."

"Ntakuamusha," Ndaya alisema, akarudi ndani, akafunga mlango.