Bakshishi ya Hiari

Aliyetuingiza kwenye mambo haya ni Lyle Gunderson, na namtaja kwa jina kwa sababu bado anakuja mkahawani kwetu kukaa karibu na dirisha na kuagiza brandi yake yenye cheri mbili. Kazi yake ni hesabu za kodi. Amenijazia fomu zangu tangu nilipoachika na hunitoza nusu bei, kwa hiyo siwezi kumwita bahili. Ugonjwa wake ni kujua kila kitu.

Februari nilikuwa ofisini kwake, koti sijalivua, nikingoja aniambie sheria mpya imeniachia nini. Sisi wahudumu wa mikahawa tulikuwa tumeshangilia kusikia kwamba bakshishi zetu zimesamehewa kodi ya mapato ya serikali kuu.

"Bakshishi, sawa," alisema Lyle. "Ila ile asilimia kumi na nane ambayo Rollie anawaongezea wateja wa meza kubwa kwenye bili, ile si bakshishi. Mteja hana hiari. Ule ni mshahara, na mshahara unakatwa kodi."

"Hata kama ni pesa ileile, inatoka mfuko uleule?"

"Hiari, Trudy. Sheria inataka hiari. Mwambie Rollie aifute, watu watoe wenyewe."

Rollie, mwenye mkahawa, hakuhitaji kubembelezwa. Mwaka uliotangulia wakaguzi wa kodi walimkalia kooni kwa sababu alikuwa akiiandika asilimia hiyo kama bakshishi. Alipigwa faini, na tangu siku hiyo akiona bahasha ya serikali anatafuta kiti kwanza. Alisema menyu mpya zikichapwa tu, kitu hicho hakitaonekana tena.

Aliyekataa ni Marlys. Marlys na mimi ndio tunaogawana meza kubwa za Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga, ambapo nusu ya mji huu wa Wisconsin hukataa kupika nyumbani. Ni mjane, amenizidi miaka ishirini. Hita ya nyumba yake ilikufa katikati ya Januari, akawa analala jikoni kwenye kiti, mlango wa oveni wazi. Fundi alikubali kumfungia mpya amlipe kidogo kidogo, na malipo hayo yote yalitoka kwenye ile asilimia kumi na nane.

"Mimi na kodi hatujawahi kugombana," aliniambia tukikunja vitambaa vya meza. "Wanachukua chao, nabaki na changu. Najua Ijumaa nitapata nini."

"Watu wa hapa tunawajua, Marlys. Watatunyima kweli?"

"Nawajua. Ndiyo maana nasema."

"Acha uzee kabla ya wakati."

"Wakati wenyewe ulishapita, mwanangu."

Nilimsumbua wiki nzima mpaka akasema haya, fanyeni mnavyotaka. Nilijiona nina akili sana.

Menyu mpya zilifika Aprili, na meza kubwa ya kwanza ikawa ya nani? Lyle, na wafanyakazi wake wote na wake na waume zao, wakisherehekea kumalizika kwa msimu wa kodi. Nilimkonyeza Marlys. Tuliwakimbilia jioni nzima: chapati za viazi, samaki, samaki tena, mtoto wa mtu akamwaga maziwa chini ya meza, Marlys akapiga magoti kuyafuta. Mwishoni Lyle alisaini bili miwani ikiwa kichwani, akaweka noti ya dola ishirini chini ya glasi.

"Hiyo ya ziada ni yenu wawili," alisema, akanipiga begani.

Bili ilizidi dola mia sita. Kwenye nafasi ya bakshishi alikuwa amepiga mstari. Marlys aliisoma juu ya bega langu, akaenda kuchenji ile noti, akanipa kumi, akachukua kumi, akarudi kukusanya sahani. Afadhali angenitukana. Nilitoka nje bila koti.

"Lyle, hukuandika bakshishi."

"Si imo kwenye bili?"

"Tuliifuta. Wewe ndiye uliyetuambia tuifute."

Alisimama na ufunguo wa gari mkononi. Mkewe, Bonnie, alishusha kioo. "Lyle, umesaini bila kusoma?"

Lyle alitoa pochi, akaifungua, kisha mkono ukasita, na nikauona ule ugonjwa wake ukimpanda usoni.

"Lakini sasa umeniomba, Trudy," alisema polepole, kwa wema kabisa. "Umenifuata mpaka kwenye gari. Hiari iko wapi hapo? Hii pengine haitakuwa bakshishi tena. Inabidi niiangalie."

"Kuna baridi, Lyle," nilisema.

Bonnie alinyoosha mkono dirishani, akampokonya pochi, akanipa noti zote zilizokuwemo. Lyle alikuwa bado anaeleza.

Nilirudi ndani nikaziweka zote mbele ya Marlys. Alizihesabu, akanisukumia nusu, nikazisukuma nyuma, akazisukuma tena, kwa hiyo nikazichukua. Kisha akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaenda kaunta alipokuwa Rollie.

"Rollie," alisema, "nirudishie kodi yangu."