Wimbo wa Foelke Kabla ya Jumanne

Shemeji yangu Habbo hajawahi kumaliza wimbo. Kuanza anaanza. Ameanza nyimbo nyingi kuliko kondoo wanaokula majani juu ya tuta la bahari hapa kijijini kwetu, na ukimuuliza wowote umefika wapi, jibu ni lile lile: "Bado kidogo, shemeji. Kuna kitu nakirekebisha."

Alipostaafu kazi ya kufungua na kufunga malango ya maji, alihamia chumba cha juu cha nyumba yao, akajiundia kompyuta kutokana na mizoga ya kompyuta nyingine, akaweka Linux. Mimi shule niliachia darasa la nane, lakini hata ng'ombe akilala karibu na kanisa mwishowe anaijua kengele. Kwa hiyo najua kwamba Linux ni mfumo unaotolewa bure, na ubure wake ndio ghali. Programu za muziki bure, vinanda visivyoonekana bure, mwangwi wa kanisa bure, na mwanamume mzima anapotelea humo bure.

"Si ununue mashine iliyo tayari, kama wenzako?" niliwahi kumwambia.

"Ninunue kitu nisichoweza kukifungua nikaona ndani?"

Mdogo wangu Foelke, ambaye ndiye mkewe, alidakia kutoka ngazini: "Wewe ukishafungua hufungi, baba Theda. Hata chupa ya achari."

Akacheka. Siku zile kicheko chake kilikuwa bado kipo.

Alikuwa anaumwa koo. Madaktari wa hospitali kubwa ya Oldenburg walimweleza bila kuzunguka: Jumanne wangemtoa kisanduku chote cha sauti. Uhai ungebaki, sauti ingeondoka. Foelke aliwasikiliza, akawashukuru, akarudi nyumbani akaosha madirisha. Alipomaliza madirisha akamwambia mumewe anataka kitu kimoja. Binti yao Theda alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto huyo asingemsikia bibi yake kamwe. Basi aimbe ule wimbo wa kulazia watoto tulioimbiwa na mama yetu, na Habbo aunase.

"Mmoja tu," alisema. "Lakini uumalize."

Habbo akaapa. Nilimwangalia anavyoapa, nikasema moyoni, haya.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tukapanda juu. Foelke alikaa mbele ya maikrofoni, hedifoni masikioni. Habbo alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na hedifoni zake. Mimi nilipewa birika, kazi yangu kumwekea mdogo wangu koo lenye joto. Hiyo naiweza. Kwetu chai haikataliwi kwa mdomo. Ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe. Kikombe kisicho na kijiko kinaomba, na mwenye birika asipokijaza watu watamsema mpaka kwenye matanga yake.

Habbo alikuwa ametunga utangulizi wa kinanda, mrefu kama mahubiri ya mchungaji mgeni. Ulipokwisha Foelke akaanza kuimba, polepole, sauti ya chini kidogo kuliko zamani lakini yake. Hakufika mstari wa tatu. Habbo akainua mkono.

"Simama, simama."

"Nimekosea?"

"Si wewe. Kuna kitu kinakwaruza. Pa, pa-pa. Kimeingia hapo mwanzo, nilidhani kitapita."

Akabofya hapa, akabofya pale, akatueleza. Kompyuta, alisema, inachota sauti kwa kibaba. Kibaba kikiwa kikubwa haimwagi, lakini inachelewa, na mwimbaji anajisikia nyuma ya mdomo wake mwenyewe. Kikiwa kidogo inawahi, ila inamwaga, na kila inapomwaga unasikia huo mkwaruzo. Akaongeza kibaba. Foelke akanywa chai, utangulizi ukaanza upya, mimi nikajaza kikombe, Foelke akaimba, mkono ukainuka.

"Tena! Pa, pa."

"Mimi sikusikia kitu," alisema Foelke.

"Wewe hedifoni zako zina kinanda tu. Na kibaya zaidi, hapa kuna hesabu ya mara inazomwaga, na inaonyesha sifuri."

"Basi haijamwaga."

"Hapo ndipo penye hatari, mama Theda. Inamwaga na haisemi."

"Naijua aina hiyo. Nimeolewa nayo."

Alizima programu ya kusafisha sauti. Alizima mtandao. Alichomoa kinanda, akakichomeka tundu jingine, akautuhumu waya, akaubadilisha. Kila mara tulirudi mwanzo: utangulizi, chai, mistari miwili, mkono juu. Foelke aliimba mwanzo wa wimbo ule mpaka nami nikauchukia, na mama yangu anisamehe huko aliko. Kabla ya giza kuingia sauti yake ilikuwa imeanza kuota kutu. Akavua hedifoni, akasema anakwenda kujilaza, wala hakugombana. Namjua Foelke tangu yuko kwenye nepi. Asipogombana, amechoka kweli.

Jumapili asubuhi Habbo akafanya kosa ambalo, nimekuja kujua, watu wa Linux wote hulifanya. Mtu mwingine akiwa na safari kesho, analala. Wao wakiwa na safari kesho, wanang'oa magurudumu wayapake mafuta. Alisasisha kila kitu: programu za muziki, vinanda visivyoonekana, mpaka kiini cha mfumo wenyewe. Nilipofika, nimevaa nguo zangu za kanisani, nilimkuta amejishika kichwa.

"Kisanduku hakionekani," aliniambia.

Kisanduku ni kile kidude kinachopokea waya wa maikrofoni na kuipelekea kompyuta sauti. Kilikuwa pale pale mezani mbele yake, nikakigusa kwa kidole.

"Hiki hapa, shemeji. Mimi nakiona."

"Mashine haikioni."

Jana mashine ilikuwa inakwaruza, leo imekufa masikio. Akaandika kwenye jukwaa la mtandaoni la wenzake, mahali wanaume wa aina yake wanapoulizana. Jibu la kwanza likaja: je, amesoma maelekezo? La pili: "Kwangu inafanya kazi." Huo ndio msaada wao. Unaugua, mwenzako anakujulisha kwamba yeye mzima. Wa tatu alikuwa na utu kidogo. Aliomba asikilizishwe huo mkwaruzo wa jana, labda ungesema ugonjwa ni upi.

Habbo akafungua mapande ya wimbo aliyonasa Jumamosi, akayapiga kwenye spika ili achague linalosikika vizuri. Foelke alikuwa amepanda, amejifunga shali, amekaa kwenye kiti chake na kikombe chake. Kinanda kikalia. Kisha: pa. Pa-pa.

"Rudisha," alisema Foelke.

Akarudisha. Pa. Pa-pa.

Foelke akanigeukia. "Dada, hebu nimiminie."

Nikamimina. Mnajua chai yetu: kwanza kluntje, bonge la sukari gumu kama kipande cha barafu, halafu chai ya moto juu yake. Na kluntje likipatwa na moto linapasuka. Pa, likasema kikombeni. Pa-pa.

Tukakiinamia kikombe wote watatu. Ile maikrofoni ya Habbo, anayoisifu kwamba inasikia nzi akipangusa miguu, ilikuwa imesikia sukari. Yeye alizaliwa hapa, ameisikia sauti hiyo kila siku ya maisha yake tangu yuko tumboni, lakini ilipompitia kwenye waya hakuitambua. Ikishapita kwenye waya, kwake ni kosa la mashine. Na mashine, maskini, ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo: sifuri.

"Kumbe mchawi ni mimi," nikasema.

Foelke akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega, halafu kwa tumbo, halafu kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Nilimshika mgongo. Kilipotulia hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Mzee," alisema, na sauti ilikuwa nusu ya ile ya jana, "umeniimbisha mwanzo mtupu siku nzima."

Habbo akakigeukia kioo. Alikuwa na mapande chungu nzima ya mistari miwili miwili, hakuna hata moja lenye mwisho. Na mashine aliyokuwa ameitibu ilikuwa nzima. Kwa kuitibu ameiua.

Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Foelke alikwishafunga sanduku lake la hospitali, limekaa mlangoni kama mgeni anayeaga. Nilipopanda na chai, Habbo akanionyesha birika kwa kidole: chini. Nikaiteremsha.

Mfumo ule una wema mmoja, lazima niseme. Ukiweka kiini kipya, kile cha zamani haukitupi. Unakiweka kando kama mama mkwe, na asubuhi ukiwasha unaweza kukiita. Habbo aliwasha, akasubiri orodha itokee, akachagua cha zamani. Taa ya kisanduku ikawaka kijani. Aliitazama bila furaha, kama mtu aliyerudishiwa pochi tupu.

Utangulizi wa kinanda akaufuta wote. "Anza tu unapotaka," alimwambia mkewe.

Foelke akaimba. Siwezi kuwadanganya kwamba aliimba vizuri. Sauti ilikuwa nzito, ilikuwa na mchanga. Ubeti wa kwanza aliuvuta. Wa pili aliubeba kama mtu anayepandisha ndoo ngazini, anapumzika, anapanda. Wa tatu sauti ikakatika. Alijaribu kuishika, ikakatika tena, na hapo akaacha kuimba akausema tu, maneno yake yote, kama anavyomsemea mtoto aliyekwisha kusinzia.

"Turudie ubeti wa tatu?" aliuliza Habbo, kwa upole.

"Hapana."

"Kidogo tu. Naweza kuunga—"

"Nimechoka, Habbo."

Hamwiti hivyo. Ni mzee, ni baba Theda, ni wewe pumbavu. Habbo akazima.

Jumanne wakaenda Oldenburg. Alirudi akiwa hai, kama walivyoahidi, na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa, na pumzi inayopita hapo kwa mluzi mdogo. Alikonda. Alizoea. Kutugombeza anatugombeza kwa mikono, na nawaambia haijapungua ukali.

Theda alijifungua majira ya kondoo kuzaa, mtoto wa kike. Kila alipopiga simu alimuuliza baba yake: ule wimbo wa mama? Na kila mara niliyasikia yale yale: "Bado kidogo, mwanangu. Kuna kitu nakirekebisha." Mtoto akaanza kushika shingo. Bado kidogo. Akaanza kuketi. Bado kidogo.

Nikachoka. Alasiri moja nikapanda juu nimejiandaa kumwaga matusi niliyoyatunza tangu harusi yao. Nikamkuta amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani. Wimbo umefunguliwa, ule mstari wa sauti umetandazwa pale kama mlolongo wa vilima. Hakuna alichokuwa anarekebisha. Hata hedifoni hakuvaa.

"Umeweka nini mpaka sasa?" nikamuuliza.

"Sijaweka kitu."

"Basi ni kitu gani hicho unachokirekebisha?"

"Sijausikiliza, shemeji. Ubeti wa kwanza nausikiliza. Halafu nasimamisha." Akajipangusa uso kwa kiganja chote. "Nikishausikiliza mpaka mwisho nikaufunga, ndiyo basi tena."

Matusi yangu yakanikwama. Nilikuwa nimeyapanga vizuri pia.

Mluzi ukasikika ngazini. Foelke huyo, anapanda taratibu, mkono ukutani. Sijui alisikia kiasi gani. Tangu apoteze sauti masikio yake yamekuwa ya popo. Akafika, akamsukuma mumewe kwa nyonga mpaka wakagawana kiti nusu kwa nusu, akabonyeza kitufe kirefu cha chini ya kibodi, kile cha kuanzishia wimbo.

Tukausikiliza. Wote, mpaka mwisho. Sauti ilipokatika, mkono wa Habbo ulikimbilia kipanya, akate, aunge, asafishe, sijui. Foelke akauchapa kofi. Mkono ukarudi mapajani. Kwenye spika Foelke akasema maneno ya mwisho, na Foelke aliyeketi kitini akayafuata kwa midomo bila sauti. Halafu ikabaki mvua ya siku ile ya Jumatatu, ambayo maikrofoni nayo iliisikia.

Akaelekeza kidole kwenye kioo: utoe, utumwe.

"Niuongezee mwangwi kidogo tu, mama Theda? Wa chumba. Chumba kidogo."

Kidole hakikusogea.

Habbo akafungua kile kidirisha cha kutolea wimbo. Mashine ikauliza uitwe nani. Akaandika jina la mkewe, na baada yake akaandika toleo la sifuri nukta tisa. Ndivyo watu hawa walivyo. Kitu cha kwao hakifiki moja, yaani kukamilika, hata kikitumiwa na dunia nzima.

Foelke akavuta kibodi kwake. Akafuta sifuri, akafuta nukta, akafuta tisa. Akaandika moja. Akabonyeza mwenyewe.

Mstari mdogo ukakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, upesi kuliko kuuimba. Habbo akamtumia Theda. Kisha akainuka, akateremka ngazi kwa mkono ukutani kama mgonjwa ni yeye, na tulipomfuata tulimkuta amelala kwenye kochi na viatu vyake. Foelke akamvua kimoja. Kingine akaniachia mimi.