Kitambaa cha Kijani

Tangu fundi astaafu, gereji ya pale nyumbani ilikuwa na mgonjwa mmoja tu: gari la kizamani, la samawati, lenye taa za mbele za mviringo kama mtu aliyeshtuka. Alilinunua likiwa gofu, kuku wametaga kwenye viti vya nyuma. Akakata kutu, akachomelea sakafu mpya, akapiga msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sabuni. Binti yao kitinda mimba alikuwa anaolewa Jumamosi, na baba mtu alishaapa: mwanangu ataondoka hapa ndani ya gari hili, na usukani nitaushika mimi.

Mkewe alizoea kukaa juu ya kreti karibu na mlango, akimpa spana na kuomba Mungu kimoyomoyo. Utaratibu wa vitambaa ulikuwa wake. Fundi alikuwa na mazoea ya kumimina kila kitu kwenye chupa tupu za maji, basi yeye akafunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya chupa ya mafuta ya breki, na cha kijani kwenye ile ya oili ya injini. Miaka yote hiyo haikutokea kasoro.

Lakini siku hizi kuna mambo alikuwa akiyaona na kuyameza. Taa ya gereji kuwaka mchana kweupe. Mlango wa nyuma wa gari kupigwa msasa mara mbili, wa mbele umebaki na mabaka. Chai kumwagwa pembeni ya kikombe.

"Hiki kikombe kina miguu," mzee alisema asubuhi ile.

"Kina miguu, na wewe una macho."

Mzee alicheka kupita kiasi.

Mchana akanyoosha mkono rafuni, akapapasa, akashusha chupa, akafungua kitangi cha breki, akamimina. Mama alikuwa anachambua skrubu mapajani. Alipoinua uso, akaona kitambaa cha kijani kinaning'inia. Kabla hajafungua kinywa, binti akaingia.

"Baba, nizungushe kidogo basi, nijue nitakaaje na lile gauni."

"Ingia, bibi harusi. Ila usinichafulie zulia."

Boneti ikafungwa, binti akakaa mbele, injini ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Mama akainuka, skrubu zikatawanyika sakafuni, akaenda kusimama katikati ya mlango wa gereji.

"Mama watoto, toka njiani."

"Sitoki. Zima gari."

"Mwenzio nina abiria."

"Ndiyo maana sitoki."

Binti akacheka. "Mama, umeshaanza kunililia? Jumamosi bado."

"Kaniletee maji ya kunywa, mwanangu."

Sauti ile binti aliijua tangu utotoni. Akashuka, akaelekea ndani.

Mama akasogea dirishani kwa mumewe. "Umetia oili kwenye breki."

"Mimi? Nimetengeneza breki kabla hujanijua."

"Najua. Na wateja wako ulikuwa ukiwaambia nini? Oili inavimbisha raba. Leo breki zitashika, kesho zitashika, halafu unakanyaga, mguu unazama mpaka chini."

"Chupa ilikuwa na kitambaa chekundu."

Mama akaenda kuzichukua chupa zote mbili, akaziinua mbele ya kioo. "Nionyeshe chekundu."

Mzee akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkono ukainuka, ukasita, ukarudi usukanini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu na mimi."

"Basi mmeshakuwa wengi."

Hakuna aliyecheka. Mzee akazima injini.

"Ulikuwa unanitazama tu," akasema.

"Nilikuwa nakuombea."

"Ungeniombea huku umenishika mkono tunakwenda hospitali."

Neno hilo lilimchoma mama, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Mwambie wewe," mzee akasema taratibu. "Mwambie gari limeharibika."

"Gari halijaharibika, baba watoto. Na aliyemwahidi si mimi."

Binti akarudi na glasi ya maji. "Haya, tunaondoka?"

Fundi akabaki na mikono usukanini, uso umeelekea kule sauti ilikotoka.

"Mwanangu, hiyo nguo uliyovaa ni rangi gani?"

"Baba naye," binti akacheka. "Si hii hii uliyoninunulia mwenyewe..."

Akamwangalia mama, akaziona zile chupa mbili mikononi mwake, akaiweka glasi chini.