Betri Iliyoshindwa na Riat

Betri ya Calvince ilizikwa Jumamosi, nyuma ya jiko la mama yake pale Dunga, kando ya ziwa, na kama uliyakosa mazishi yale, pole sana, maana raha ya namna hiyo haiji kila wiki.

Ilikufa ikiwa kazini. Calvince alikuwa amempakia kwenye pikipiki yake ya umeme mteja mmoja mnene wa Maseno, pamoja na gunia lake la mchele. Katikati ya mlima wa Riat pikipiki ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Mteja akashuka kusukuma. Alisukuma huku akitukana kwa Kiluo, Kiswahili na Kiingereza, mpaka Calvince akakubali kwamba betri yake imezeeka. Kampuni iliyomwuzia ilikuwa imeshafunga ofisi. Akatafuta betri nyingine, na ile ya zamani akabaki nayo mikononi, hajui aipeleke wapi.

Sasa, kulikuwa kumefanyika mkutano wa mazingira ufukoni. Afisa aliwaambia watu wasitupe betri ziwani, wasizichome moto, wasiwaache watoto wazichezee. Kisha akanywa soda yake akaenda zake. La kufanya hakulitaja. Calvince ni mtu wa kufuata sheria, basi akaondoa yote yaliyokatazwa, akaona limebaki moja tu, nalo ni kuzika.

Wenzake wa steji ya bodaboda waliposikia hivyo, nani angewazuia? Walikuja kwa msafara, matawi yamefungwa kwenye pikipiki, honi juu. Betri ilikuwa imevikwa koti kuukuu la mvua la Calvince. Mwenyekiti wao, Okello, akasimama kando ya shimo, kofia kifuani.

"Marehemu alizaliwa mbali," akaanza. "Hakunywa petroli hata tone moja. Hakutukohoza na moshi. Lakini jameni, tusimsifu kwa uwongo. Huko alikotoka walichimba ardhi wakaacha mashimo na maji machafu, na watu wa huko pikipiki yenyewe hawajaipanda. Alikuwa na mazuri yake, alikuwa na makosa yake. Kama wewe, Calvince."

"Amina!" wakaitikia kwa kishindo.

Nabwire, mke wa Calvince, alicheka mpaka akashika ukuta asianguke. Aliyekataa kucheka ni mama mkwe wake, Mama Seline. Yeye alifumba macho akaomba sala ya kweli, akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kupika.

Kicheko cha Nabwire kilidumu mpaka Alhamisi asubuhi, transfoma ya mtaa ilipolia puu na umeme ukapotea.

Umeme ule ndio uliokuwa ukiyapa joto mayai yake. Nabwire alikuwa na kiangulio, sanduku la mbao lenye balbu ndani, ambalo rafiki yake Debra, fundi wa sola na simu, alimtengenezea. Mara ya kwanza alipoyaweka, umeme ulikatika, mayai yote yakaoza, nyumba ikanuka wiki nzima. Mama Seline alimpitisha tu kuku wake mlangoni pa Nabwire na vifaranga vyake nyuma, asubuhi na jioni. Kuku huyo aliitwa Madam, na kwa maneno ya Mama Seline, Madam hajawahi kuomba stima kwa mtu. Nabwire alilia siku ile, akajikaza kisabuni, akaweka mayai mengine. Akiyapoteza na haya, alijua hataweka tena.

Na sasa mayai yalikuwa yameanza kulia. Ukitega sikio juu ya sanduku unasikia *pii, pii* ndani ya maganda. Yalitakiwa kuanguliwa siku hiyo hiyo, na balbu zilikuwa zimezimika. Nabwire akayafunika kwa blanketi, akapanga chupa za maji ya moto, akampigia Debra.

"Betri ya zamani ya Calvince iko wapi?" Debra akauliza.

"Tuliizika."

Akamsikia Debra akicheka kama mtu anayetekenywa.

"Nabwire, wewe! Ilikuwa imevimba? Ilikuwa inanuka?"

"Hapana. Ilishindwa na Riat tu."

"Sasa kushindwa na Riat ndio kufa? Hata mimi Riat inanishinda! Hiyo kubeba watu mlimani haiwezi, lakini kukaa kwa nyumba ikipasha mayai joto inaweza miaka. Fukueni, nakuja."

Nabwire akachomoka na jembe. Alimkuta Mama Seline amesimama juu ya kaburi, mikono kiunoni.

"Nyar Port, unaenda wapi na hilo jembe?" Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Port Victoria.

"Mama, nataka betri. Mayai yanapoa."

"Hapa kwetu kitu kikiingia udongoni na maombi, hakifukuliwi kama muhogo. Nyinyi mlikuwa mnacheza. Mimi niliomba."

Calvince alikuwa amefika na Okello, na wote wawili ghafla wakaona viatu vyao vinahitaji kuangaliwa. Nabwire alitaka kupiga kelele. Mke wa boma hashindani na mama mkwe juu ya kaburi, hata kaburi la betri. Akaweka jembe chini, akakimbia nyumbani, akarudi na yai moja ndani ya kitambaa chenye joto. Aliliweka kwenye sikio la Mama Seline.

*Pii.*

Uso wa mama mkwe ukabadilika.

"Yawa!" akanong'ona. "Kako hai?"

"Kako hai, Mama. Yote yako hai. Kwa sasa."

Mama Seline akawageukia wanaume kwa ukali. "Okello! Siku ya huyu marehemu, mlikesha?"

"Hapana, Mama."

"Mlichinja?"

"Hata kuku, Mama."

"Kuna mtu alilia?"

"Tulicheka, Mama."

"Basi hayakuwa mazishi. Mmeweka tu kitu yetu kwa shimo. Lete hilo jembe!" Na akachimba mwenyewe, leso imekazwa kiunoni, udongo ukiruka mpaka kwenye suruali ya mwenyekiti.

Koti la mvua lilitoka limelowa upande wa chini. Debra, aliyekuwa ameingia na mkoba wake wa vifaa, akachungulia shimo. Maji yalikuwa yanachuruzika taratibu kutoka kwenye udongo. Ziwa liko karibu, na kisima cha boma kiko hatua chache tu.

"Mama, ingekaa hapa mpaka ioze," Debra akasema, "sumu yake mngeinywa kwa chai."

Mama Seline aliliangalia jembe mkononi mwake, kisha kisima. Alikuwa ameilinda sumu hiyo kwa maombi. Aliogopa, na hakuficha.

"Na ikikufa kabisa kabisa?"

"Utaniita. Kuna watu Nairobi wanazifungua, wanatoa madini, yanatengeneza zingine. Betri mlima haiupandi tena, lakini hayo madini hayaishi."

Debra akapanguza, akapima, akakuta chaji imebaki, akakata nyaya, akaunganisha. Watu walijazana sebuleni. Balbu zikawaka, na Okello akapiga honi ya mdomo iliyowashtua majirani. Nabwire akakaa sakafuni akicheka na kulia kwa pamoja. Mbele ya macho yake ganda moja likapasuka, mdomo ukachomoza, na kitu chenye unyevunyevu kikajitupa nje kikiwa na hasira na dunia nzima. Halafu cha pili. Halafu hawakuweza kuhesabu, kwa vile Calvince alikuwa akiruka na kuziba sanduku.

Walipotulia, Nabwire akamtafuta mama mkwe wake. Hayupo. Akatoka mlangoni na moyo ukiwa mzito kidogo.

Mama Seline alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni kwake, leso ameikunja mbele, imejaa mayai. Nyuma yake Madam, mbawa wazi, alikuwa akimdonoa visigino kwa ghadhabu ya mwenye mali.

"Nyar Port!" akapaza sauti. "Fungua sanduku! Fungua haraka, huyu mwanamke ataniua!"