Likizo ya Mlinzi

Mke wa mlinzi alimburuta mumewe hadi kwenye bustani ya miti iliyo ufukweni, mwisho kabisa wa mji, akapumzike. Miaka nenda miaka rudi mume amesimama kwenye mlango wa benki akipekua mikoba ya watu, na hii ndiyo likizo yake ya kwanza. Akatandikiwa mkeka chini ya mivinje, akakaa kama aliyekalia miiba.

"Tulia basi, baba watoto," mkewe alisema.

"Yule wa kofia anazungukazunguka hapa."

"Anauza maji."

Akavumilia kidogo, kisha akasema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ikampeleka moja kwa moja langoni, ambako watu walikuwa wakijiingilia tu, hakuna wa kuwakagua. Roho ikamuuma. Akasimama pembeni, mikono nyuma, aangalie tu. Mama mmoja alipomwona alivyosimama, akamfungulia kikapu bila kuulizwa.

"Pita, mama."

Wa nyuma yake naye akafungua, na aliyefuata, mara foleni ikajipanga. Hapo ndipo mlinzi alipovuta pumzi vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jua lilipoanza kupoa, mkewe alikuja na mkeka kwapani na mkoba begani. Alitoka nje ya lango, akageuka, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, mlinzi hata hakuinua macho.

"Fungua mkoba, mama."

Akafungua. Ndani mlikuwa na chakula cha watu wawili, hakijaguswa.