Urefu Unaouzwa Muthangari

Nyumba yenyewe haikuwa na kibao, na hilo ndilo lililonitia shaka kwanza. Mahali panapotibiwa watu, niliwaza, pana haja gani ya kujificha nyuma ya ua wa michongoma kwenye mtaa mtulivu wa Muthangari? Ndani kulikuwa na zulia nene, viti vya ngozi, na picha za vijana waliosimama wakicheka. Mgonjwa hata mmoja sikumwona. Kila nilipokwenda sikumkuta mtu mwenye magongo, wala sikusikia sauti ya mtu kutoka vyumba vya nyuma.

"Wagonjwa wetu wanapenda siri, boss yangu," Kitonga aliniambia. Alikuwa kijana nadhifu ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wateja na kuwatoa wasiwasi. "Kwani wewe ungependa mtu akuone hapa?"

Nisingependa, na yeye alijua.

Mpango wao aliueleza kama fundi anayeeleza namna ya kushusha pindo la suruali. Wangeukata mfupa wa kila mguu chini ya goti, watie chuma ndani yake, kisha chuma kile kirefuke kidogo kidogo siku baada ya siku, mfupa mpya uote kwenye pengo. Mwisho wake ningeongezeka sentimita saba. Ningehitaji miezi sita ya kujifunza kutembea upya, labda zaidi. Nilipomuuliza ni wangapi walioharibikiwa, alicheka kwa upole na kunimiminia maji.

"Nitakupatia namba ya mtu wenu," akasema. "Anaitwa Mohdhar. Mtu wa Pwani, Mwislamu kama wewe. Muulize kila kitu, hawezi kukudanganya."

Sitaki msomaji anifikirie mjinga. Nimehitimu shahada ya mipango miji, na ninapongoja kazi ninamsaidia ami yangu katika duka lake la uchapishaji River Road. Naamini kwamba watu wengi ni wema wakipewa nafasi, na rafiki zangu hunitania kwa hilo. Lakini mtu mfupi hujifunza kushuku mapema. Husikia kicheko mlangoni akageuka, akidhani ni chake. Na tangu nilipomposa Ummulkheir nilishuku zaidi, kwa sababu Ummulkheir amenipita kwa vidole vinne, naye siku ya posa, mpiga picha alipotuambia tusimame, alisema upesi, "Tuleteeni viti." Picha zote tumekaa. Niliziangalia kwenye simu mpaka nikazichukia.

Basi nilikuwa nimekwisha kupanga. Shamba la marehemu babu kule Kisauni, Pwani, lilikuwa linauzwa, na fungu langu lingetosha. Ummulkheir nilimwomba tuisogeze nikaha mpaka mwaka ujao. Aliponiuliza sababu nilimwambia nimepata kozi ya nje. Akasema kwenye simu, "Kozi gani hiyo isiyo na jina?" Nikamjibu kwamba mtandao ulikuwa unakatika.

Mohdhar alinipokea vizuri. Tulipoonana mara ya kwanza kwenye mkahawa mmoja karibu na duka letu, alinisalimu kwa sauti ya nyumbani na kumtaja babu yangu kwa jina. Ilinitosha. Mtoto wa watu, nilijisemea, atanidanganyaje? Alikuwa ameketi tayari nilipofika, kanzu yake imepigwa pasi, na aliposimama kuniaga alikuwa mrefu kweli.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Wallahi siumwi."

"Unajuta?"

"Nikajute nini? Zamani nikiingia ofisini waliniuliza nimemfuata nani. Sasa wananiita bwana."

Tulionana tena, na tena. Kila mara alichagua saa yeye: baada ya adhuhuri, baada ya alasiri. "Njoo nikishamaliza kuswali," alikuwa akisema. Mwanzoni niliona ni ucha Mungu. Kisha nikaanza kujiuliza. Msikiti u hatua chache kutoka mkahawani, na mimi ni Mwislamu mwenzake. Mbona hajawahi hata siku moja kuniambia tukaswali pamoja? Watu wetu hawafanyi hivyo. Adhana ikikukuta na mgeni, unamvuta mkono mwende wote.

Siku niliyoahidiana naye kwa mara ya mwisho kabla ya kutoa arubuni, nilifika mapema makusudi na kuingia msikitini adhana ya alasiri inamalizika. Nilijipanga safu ya tatu. Niligeuza shingo kutazama watu wanaoingia, kama mpelelezi, na moyo ukinisuta kwa kufanya hivyo ndani ya nyumba ya Mungu.

Mohdhar aliingia kwa mlango wa kando. Hakutazama huku wala huku. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nguzo vinapowekwa viti vya plastiki, akachukua kimoja, akakiweka mwisho wa safu ya wazee, kati ya mzee mwenye fimbo na mwingine aliyekuwa akihema kwa pumu. Imamu alipokwenda sijida, sisi tulishuka hadi kwenye mkeka. Yeye aliinamisha kichwa kwenye kiti.

Sijui niliswali nini siku ile. Mungu anisamehe.

Nilimngoja kwenye viatu. Aliponiona alisimama kidogo, halafu akatabasamu.

"Umewahi leo, Muzammil."

"Magoti hayakunjiki?"

"Hukunjika. Si mpaka mwisho. Na kifundo cha mguu hakikubali kikao cha tahiyatu." Alivaa viatu bila kuinama, kwa kijiko kirefu cha viatu alichokitoa mfukoni. "Daktari anasema kutalegea."

"Tangu lini anasema?"

"Huu mwaka wa pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama naumwa. Siumwi."

"Kitonga anakupa chochote kwa kila mtu unayemvuta?"

Hapo alikasirika, lakini kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wakipita. "Ananipa. Nilimaliza kila nilichokuwa nacho, ulitaka nile nini? Lakini sikukuvuta. Wewe ulikuja umejivuta mwenyewe. Na nikikwambia kitu kimoja cha kweli ni hiki: ningerudishwa nyuma leo, ningefanya tena. Umeniona kwenye kiti ukanihurumia. Watu wa huko nje hawajui habari ya kiti."

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Badala yake nilimwangalia akishuka zile ngazi tatu za msikiti, ubavu mbele, kama mtu anayepita mlango mwembamba, na nikashindwa.

Niliporudi dukani nilikuta wageni. Ummulkheir alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, na kando yake shangazi yake Waridi, mama wa makamo mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Ami alikuwa amejificha nyuma ya mashine, akijifanya anahesabu karatasi.

"Tumekuja kuchapisha kadi za harusi," Shangazi Waridi alisema kabla sijamaliza salamu. "Tuambie, tuandike tarehe gani? Au tuandike jina la mwanamke gani?"

"Shangazi, sikuelewi."

"Utanielewa. Abdulrauf mtoto wa dada yangu hupeleka mizigo huko Muthangari. Amekuona ukitoka nyumba moja yenye geti jeusi. Si mara moja. Unatoka unatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Nyumba isiyo na kibao."

"Na nikaha unaisogeza," alisema Ummulkheir. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. Pete ya posa ilikuwa kiganjani mwake, si kidoleni. "Niambie tu, Muzammil. Sitapiga kelele. Ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa karibu kukipoteza. Nilikuwa na miezi mitatu ya kumshuku yeye, na kumbe naye alikuwa na yake. Nikawaambia. Niliwaambia mbele ya Ami, nikitazama sakafu, habari za mfupa na chuma na sentimita saba, na kila neno lilisikika la kipumbavu kuliko lililotangulia.

Ami aliacha kuhesabu karatasi zake.

"Wakukate miguu," Shangazi Waridi alisema polepole, "kisha wakuvute kama unga wa chapati."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ummu, huyu anatutania. Mwanamume akifumaniwa husema amekwenda kwa rafiki, amekwenda kwa fundi gari. Huyu wako ana kipaji."

Ummulkheir hakucheka. "Siamini," alisema. "Ningetaka kuamini, lakini siamini. Twende sasa hivi. Nikikuta mwanamke, pete utaichukua hukohuko."

Tulikwenda kwa teksi, wao nyuma, mimi mbele na dereva. Nilikuwa nikiomba Mungu Kitonga awepo. Sikuwahi kufikiri nitaomba dua ya namna hiyo.

Alikuwepo. Alifungua mlango kwa tabasamu lake. "Muzammil, boss yangu! Umeamua?" Kisha akamwona Ummulkheir, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akanitazama mimi, na uso wake ukaangaza kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Ah. Sasa nimeelewa."

"Umeelewa nini?" aliuliza Shangazi Waridi.

"Hapana, mamangu, si kitu. Karibuni mkae."

Shangazi hakukaa. Alikwenda akafungua mlango mmoja, akachungulia, akafungua wa pili. "Wagonjwa wako wapi? Hospitali gani hii isiyo hata na harufu ya dawa?"

"Mama, upasuaji unafanyiwa kwingine. Hapa ni maongezi tu."

"Kwingine wapi?"

"Hiyo daktari ndiye anajua."

Ummulkheir alikuwa ameukuta mfano wa mfupa wa plastiki kwenye meza, wenye chuma ndani yake. Aliushika. Aliuvuta, ukafunguka katikati, pengo likaonekana. Akauinua kidogo, akauweka sambamba na mguu wangu, pasipo kunigusa, kuanzia gotini kwenda chini.

"Ni kweli," alisema. Hakuwa akisema na mtu yeyote. "Ni kweli, Shangazi. Alikuwa anakuja hapa."

"Sasa unaniamini," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya viti. Siku ya posa. Uliona haya kusimama na mimi."

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. "Viti? Shangazi alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu imemvimba kama mkate. Nani angekaa peke yake kwenye picha?" Akaendelea kuushika ule mfupa. "Na mimi nina macho, Muzammil. Nilijua nimekupita kabla sijakubali. Ningekuwa na haya ningekataa. Nyumbani walikuwepo wengine wa kunishauri nikatae, na sikukataa."

Kitonga aliona mambo yanamponyoka. "Dada, sikiza. Asilimia tisini na nane ya wateja wetu wanafurahi. Hata wewe ukimwona..."

"Nimemwona," alisema Ummulkheir.

"Ningeswali kwenye kiti," nilimwambia Kitonga. "Kama Mohdhar. Mbona hilo hukuniambia?"

"Hiyo kitu ya kuswali," alisema Kitonga, "haiko kwa maswali ya kliniki."

Ummulkheir aliweka mfupa mezani. "Nitakuuliza mara moja tu," aliniambia. "Bado wautaka?"

Ningeweza kusema hapana upesi, nikapona. Lakini nilikuwa nimesema uongo wa kutosha. "Urefu nautaka," nikasema. "Nitautaka na kesho, na watu wakicheka nitautaka zaidi. Njia hii siitaki. Nimeiacha tangu alasiri, msikitini."

Shangazi Waridi alikuwa wa kwanza kuelekea mlangoni.

Tulitoka. Kitonga alitusindikiza mpaka getini akisema tupige simu wakati wowote, na geti jeusi likafungwa nyuma yetu. Dereva wa teksi alikuwa ameondoka, ikabidi tutembee hadi barabara kubwa. Shangazi alitangulia, akizungumza na Abdulrauf kwenye simu, akimwambia yeye na macho yake wapumzike.

"Ningekuta mwanamke ningejua la kufanya," Ummulkheir alisema. "Ningekurudishia pete, nikalia, nikamaliza. Hili limeniogofya zaidi. Ungerudi kwangu na miguu mingine, ukaniambia ulikuwa kwenye kozi, na mimi ningeishi na wewe miaka yote bila kujua."

"Sikutaka ujue."

"Ndilo nililolisema." Alitembea kidogo. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Na nitakuwa nakuuliza unakokwenda. Kila siku. Utachoka."

"Nitakujibu."

Mtandio wake ulikuwa umelegea; alisimama kando ya barabara kuufunga upya, akanipa mkoba wake nimshikie. Alipomaliza hakuuomba. Aliendelea kutembea kando yangu, nami nikaubeba mpaka tulipomfikia Shangazi.